Programu Iliyomjua Mwenye Nyumba

Mimi na mwenzangu tunaelewana katika mambo yote ya studio: nani abebe flashi, nani azungumze na kamati ya harusi, nani ajifanye hajasikia pale shangazi wa bibi harusi anapodai picha zake usiku uleule. Ugomvi wetu ni programu ya kusafishia picha tu. Hapo yeye ana dini yake na mimi nina yangu.

Sisi hupiga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kwa asiyejua, JPEG ni picha ambayo kamera imekwisha kuipika yenyewe, ikapunguza na kukupakulia. Kila rangi katika zile tatu, nyekundu, kijani na bluu, inabaki na ngazi 256 za mwanga, basi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndiyo maana mtu aliyekaa kwenye kiza cha turubai, ambaye kwenye JPEG ni kivuli chenye hereni, kwenye RAW unamtoa mpaka na wanja wake. Shika hapo kwenye kiza cha turubai, tutaparudia. Ubaya wa RAW ni uzito: faili moja la kamera yetu linakaribia megabaiti 25, na harusi ya Tanga haina aibu, ina kesha, ina ndoa, ina kumtoa mwali, na kila hatua ina watu wanaotaka kupigwa wakiwa wamekaa, kisha wakiwa wamesimama.

Mwenzangu anaitaka Lightroom. Anasema ndiyo wanayotumia watu wa maana, na ukweli raha zake anazijua: inasafisha, inapanga, ina katalogi moja inayokumbuka kila ulichokifanya. Mimi hoja yangu ni fupi. Ya mwisho kununuliwa mara moja ukatulia nayo ilikuwa Lightroom 6 ya mwaka 2015. Siku hizi ni kulipa kila mwezi, kwa dola, na sisi tuna mteja aliyetulipa mbuzi. Kwa hiyo nikasimama na darktable: ya bure, ipo tangu 2009, na laptopu yetu ya mtumba inaimudu. Mwenzangu akaifungua, akaifunga, akasema ina vitufe vingi kuliko ndege.

Tukaleta na RawTherapee iwe msuluhishi, nayo ni ya bure. Ikawa faili lilelile moja linafunguliwa mara tatu na tunapata mabibi harusi watatu: mmoja wa manjano, mmoja amepauka, wa tatu anaonekana amebadili mawazo kuhusu ndoa. Hakuna programu iliyokosea. RAW ni vipimo vya mwanga, na kila programu inavisoma kwa namna yake. Lakini nenda kamweleze hayo mama mzazi.

Kupanga ndiko kulikokuwa balaa. Zamani tulitegemea Picasa, na Google walipoiacha mwaka 2016 tukabaki na folda na majina ya kubahatisha. Tulikuwa na "Harusi", "Harusi mpya", "Harusi mpya kabisa" na "USIFUTE". Ndani ya "USIFUTE" kuna folda inaitwa "FUTA", na hakuna kati yetu mwenye ujasiri wa kuifungua.

Sasa, fremu yetu ya Ngamiani ni ya Mzee mmoja mstaarabu sana. Kanzu imenyooka, kofia ya viua, bakora. Mtaa mzima unajua Mzee ana sukari na presha, kwa sababu mkewe, Bi Mkubwa, ndiye anayeitangaza ratiba ya chakula chake. Pilau imepigwa marufuku. Mchuzi wa nazi, marufuku. Anakula ugali wa dona na mchicha uliochemshwa, kidogo, saa moja usiku, analala. Pamoja na hayo yote sukari haishuki wala tumbo halirudi nyuma, na Bi Mkubwa alikwisha kugombana na madaktari kadhaa akiwaambia dawa zao hazifanyi kazi.

Asubuhi moja wakaingia wote wawili. Tulipomwona Mzee tulidhani ni kodi, maana tulikuwa tumeichelewesha, mwenzangu akaanza kufuta lenzi ambayo ilikuwa safi. Kumbe Bi Mkubwa ndiye mwenye shida.

"Wanangu," akasema, "kaka yangu alipofariki hakuacha picha ya maana. Zote za kitambulisho, kanuna. Na najua alikuwa haachi harusi hapa mtaani, na wapigaji ni nyinyi. Nitafutieni moja, hata kama amekaa pembeni."

Katika folda zetu? Lakini Mungu si Athumani, siku hizo nilikuwa najaribu digiKam. Nayo ni ya bure, inasoma RAW, na kazi yake kubwa ni kupanga. Tangu toleo la 7 la mwaka 2020 inatambua sura kwa mitandao ya neva, yaani hesabu zinazojifunza kwa mifano, ndani ya kompyuta yenyewe, bila hata bando. Nilikuwa nimeiacha usiku kucha ipitie diski zote. LUKU iliisha kabla ya alfajiri, nikanunua, ikaendelea, na mwisho ikawa imekata nyuso moja moja kutoka kila picha, pamoja na ua la kwenye kanga na mgombea udiwani aliyekuwa kwenye fulana ya mpishi.

Ila programu haijui majina mpaka uifundishe. Unaandika jina kwenye sura chache, kisha inakwenda kuwatafuta waliobaki na kurudi na mapendekezo, uyakubali au uyakatae. Bi Mkubwa alikuwa na picha za kaka yake kwenye simu, tukaziingiza, tukaandika "Mjomba".

Mzee alikuwa ameegemea bakora yake anatutazama. "Hicho cha bure hicho," akasema, "kitamjua mtu? Labda kimjue ng'ombe."

"Kinajua, Mzee."

"Haya. Niandike na mimi. Tuone kama kitanijua."

Ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi. Kwenye picha za simu ya mkewe naye alikuwemo, tukaandika "Mzee", nikabofya. Laptopu ikavuma. Bi Mkubwa akaagiza kahawa na kashata kwa ajili yetu. Mzee akapewa kahawa, kashata akanyimwa.

Mjomba akarudi na picha zake kiasi, nzuri. Mzee akarudi na skrini nzima. Nikashuka chini, skrini nyingine. Nikashuka tena. Ukiwatoa ma-MC, hakuna mtu kwenye diski zetu aliyehudhuria harusi nyingi kama yule. Na si harusi za ndugu. Harusi za Chumbageni, za Mikanjuni, mpaka sherehe ya kipaimara, kanzu yake ileile pale katikati, kati ya mama wa ubatizo na keki. Kila picha amekaa meza ya mbele. Kila picha sahani imejaa, na juu ya sahani paja la kitu kilichokuwa na miguu minne.

"Hee," akasema Bi Mkubwa. Hakusema kingine kwa muda.

Mzee akakohoa. "Hicho kitu kimekosea. Wazee wote wa kanzu tunafanana."

Hilo lingepita. Programu hizi hukosea kweli, na nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme hivyo. Lakini Bi Mkubwa ana macho, akaona chini ya kila picha kuna tarehe na saa. Kamera huziandika zenyewe ndani ya faili, pamoja na lenzi na kasi ya shata.

"Siku hii," akaweka kidole kwenye skrini, "si ulikuwa Pangani, kwenye minazi yako?"

"Nilikuwa Pangani."

"Na hii, si ulikwenda Muheza msibani?"

Nikajaribu kumwokoa mwenye nyumba wangu. "Mama, saa za kamera hizi huteleza. Betri ndogo ya ndani ikiisha, tarehe inavurugika."

Mwenzangu, ambaye hakuulizwa, akadakia: "Huteleza dakika, Mama. Na zetu tunaziweka sawa kabla ya kila kazi. Haziwezi kuteleza mpaka Pangani."

Nilimkanyaga. Akadhani namwambia aongeze bidii.

Hapo Bi Mkubwa akasimama kwenye picha moja ya usiku. Mbele maharusi wanakata keki, nyuma, upande wa kulia wa turubai, kiza kitupu na mtu mmoja ameinama. Programu imeona ukingo wa sura tu, ikaandika "Mzee" na kuomba ithibitishwe.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Haonekani, Mama," nikasema.

"Anaonekana!" mwenzangu akasema. Jamani, huyu alikuwa na siku kadhaa anatafuta mtu wa kumshuhudia akishindanisha programu. Akaifungua ile RAW kwenye RawTherapee, akavuta vivuli juu. Kiza kikapungua, ikatokea kanzu. Akaifungua kwenye darktable, akaongeza mwanga, akaondoa chengachenga. Ikatokea sura ya Mzee, mikono ya Mzee, na mikononi mwa Mzee hotpoti, wazi, inajazwa pilau. "Ona," akaniambia mimi, anang'aa, "kwenye vivuli darktable imeshinda. Nakubali."

Kwa miezi nilikuwa nayasubiri maneno hayo. Sikuwa na mahali pa kuyaweka.

Lazima nieleze habari ya ile hotpoti. Bi Mkubwa alikuwa na hotpoti nyekundu yenye maua, ilipotea tangu Ramadhani, na kwa ajili yake alikuwa hasemezani na jirani wa ukuta kwa ukuta. Mtaa mzima ulikwisha kusuluhisha ukashindwa.

"Hotpoti yangu," akasema, taratibu.

"Yako si nyekundu?" Mzee akasema upesi. "Hii ya kahawia."

Na kweli kwenye skrini ilikuwa ya kahawia. Taa zile ndefu za kijani zilizofungwa kwenye nguzo za turubai huharibu kila rangi. Mzee akapumua. Mimi nikapumua. Mwenzangu akasema, "Hiyo ni taa tu."

Kwenye RAW rangi ya taa haijafungwa. Unachagua kitu unachojua ni cheupe, programu inapima, na rangi zilizobaki zinarudi mahali pake. Mwenzangu akatafuta kitu cheupe kwenye picha. Akabofya kanzu ya Mzee.

Hotpoti ikawa nyekundu. Maua yakachanua moja moja.

"Hotpoti nyekundu za maua ziko nyingi Tanga," Mzee akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Ya kwangu nimeitia alama ya rangi ya kucha," akasema Bi Mkubwa, "chini ya mkono, maana vyombo vya watu vinapotea kwenye shughuli. Mwanangu, sogeza karibu."

Mwenzangu akasogeza mpaka asilimia 100. Tulikuwa na lenzi nzuri siku ile, Mungu atusamehe. Tone la rangi ya kucha, waridi, kali kabisa.

Mzee akaniinamia sikioni. "Ifute."

"Nikifuta, Mzee, yanafutika marekebisho tu. RAW yenyewe haiguswi na programu yoyote kati ya hizi. Ipo vilevile."

"Iko wapi?"

"Kwenye USIFUTE."

Tulidhani Bi Mkubwa atavunja kitu. Badala yake akamwambia mwenzangu asogeze picha upande wa kushoto kidogo. Kando ya Mzee, kwenye kile kiza kilichofunguliwa, alikuwepo Mjomba. Ameshika kifuniko cha hotpoti, kichwa amekirusha nyuma, anacheka mpaka jicho moja limefunga. Katika picha zake zote hakuna aliyokuwa amecheka hivyo.

Bi Mkubwa akaitazama muda mrefu. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akacheka, akalia, akacheka tena, akasema, "Hii. Nisafishieni hii, kubwa, ya ukutani."

"Tumkate Mzee, Mama? Abaki Mjomba peke yake?"

"Asikatwe hata kidole. Itakaa chumba cha kulia, mbele ya kiti chake."

Akaondoka kwenda kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na tulisikia vigelegele huko, kwa hiyo nadhani walipatana.

Baada ya Isha Mzee akarudi peke yake. Hakugusia kodi. Akakaa kwenye kiti cha picha za pasipoti, akaitazama laptopu kwa jicho la pembeni.

"Vijana. Ile mnayobishania, ya kulipa kila mwezi. Nayo inajua watu?"

"Inajua, Mzee," mwenzangu akasema kwa fahari. "Tangu ile ya 2015."

"Hiyo hapana. Na ile ya vitufe?"

"darktable? Hiyo inajua kamera, lenzi na mwanga," nikasema. "Nyuso haina habari nazo."

"Basi tumieni hiyo. Hii nyingine muiondoe, na kodi ya mwezi huu msinisumbue nayo."

Ndivyo mjadala wetu ulivyokwisha, na mimi nimeshinda. Nikamwambia Mzee asante, nikaanza kuiondoa digiKam palepale mbele yake ili aridhike. Mwenzangu akajikuna kichwa.

"Tatizo, Mzee, hata tukiiondoa, majina imekwisha kuyaandika kwenye vifaili vidogo vilivyo kando ya kila picha. Programu yoyote inayosoma majina hayo itayaona."

Mzee akakaa kimya, bakora katikati ya magoti.

"Miezi miwili," akasema.