Msimamizi kapatikana, mirathi bado

Siku msimamizi wa mirathi anapokabidhiwa Fomu Na. 4, yaani barua ya uteuzi wake, familia nyingi huhesabu kwamba mirathi imekwisha. Watu wanapeana mikono nje ya mahakama, wanagawana nauli, wanarudi makwao, na jalada linabaki kabatini likiwa wazi. Ukisikiliza kesi za ndugu waliotengana kwa sababu ya nyumba ya baba, utaona mara nyingi ugomvi haukuanza kwenye uteuzi. Ulianza miezi minne baadaye, siku ambayo Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni ya marehemu, haikupelekwa mahakamani na hakuna aliyeiulizia.

Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar kuna Mahakama za Kadhi na utaratibu wake.

Tuanze na mlango wenyewe, maana wengi hukosea hapo. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi pale tu ambapo sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu, na marehemu awe alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Alikofia au alikozikwa si hoja. Mtu aliyeishi Nyamagana miaka 20 akazikwa Tarime, shauri lake ni la Nyamagana, hata kama kikao cha ukoo kilikaa Tarime chini ya mwembe. Na kama marehemu alikuwa Mkristo, ubatizo peke yake haumtoi kwenye mila. Mahakama huangalia aliishije: alioa kwa utaratibu gani, alishiriki mambo ya ukoo au alijitenga nayo, aliacha maneno au maandishi gani kuhusu mali yake. Ikionekana maisha yake hayakuwa ya kimila, inatumika Sheria ya Urithi ya India ya 1865 (ndiyo, ile ya mkoloni, bado ipo), na hapo Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka. Shauri linakwenda Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Ukiruka hatua hii kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo iko karibu na gharama ni ndogo, miaka sita baadaye anatokea mrithi asiyeridhika, anasema mahakama haikuwa na mamlaka, na mwenendo mzima unafutwa. Mnaanza upya, safari hii mkiwa hamsalimiani.

Sheria inayotumika inabadilisha mafungu kabisa. Chukua mfano wa shilingi milioni 24 zilizobaki baada ya madeni, na marehemu ameacha mke mmoja, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili, wazazi wake hawapo. Kwa sheria ya Kiislamu mke anachukua thumni (moja ya nane), yaani milioni 3. Zinazobaki milioni 21 zinagawanywa mafungu manane, kila binti 2,625,000 na kila mvulana 5,250,000. Kwa sheria ya 1865 mke anachukua theluthi, milioni 8, na kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, anapata 3,200,000. Kwa mila zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kanuni hiyo imelalamikiwa miaka mingi, na mimi ni miongoni mwa wanaoona ilipaswa kuondoka zamani. Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya, mwaka 1990 ilishaonyesha njia ilipokataa kanuni inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi.

Kuna hesabu moja ambayo wanaukoo hupenda kuiruka. Mali ya marehemu ni ile iliyokuwa yake. Nyumba aliyojenga pamoja na mkewe haiingii yote kwenye mirathi kwa sababu tu hati ina jina la mume. Kwanza itolewe sehemu ya mke, ambayo ni mali yake na si urithi, ndipo sehemu ya marehemu igawanywe, na humo mke anaweza kuwa na fungu tena. Mjane asiyelisema hili wakati orodha ya mali inaandikwa atapata taabu kulisema baada ya mgawo.

Sasa kikao cha ukoo. Muhtasari wa kikao unasaidia mahakama kujua warithi ni kina nani na familia inamwamini nani, na makarani wengi watauomba pamoja na cheti cha kifo. Lakini kikao hakimteui msimamizi. Kinapendekeza tu, mahakama ndiyo inateua, na inaweza kumkataa aliyependekezwa ikamchukua mtu mwingine mwenye maslahi katika mirathi, au mtu mwaminifu asiyeegemea upande wowote. Kwa hiyo mjane anayenyimwa sahihi na mashemeji asikae nyumbani kusubiri huruma yao. Aende akaombe, aeleze kwa nini hana muhtasari, na wenye pingamizi walilete mahakamani ndani ya muda unaotajwa kwenye tangazo la mahakama kuhusu maombi hayo.

Cheti cha kifo chenyewe kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na kosa linalochelewesha watu hapa ni majina. Hati ya kiwanja inasema Juma Hamisi, benki inasema Juma H. Salumu, cheti cha kifo kinasema Juma Hamisi Salumu Mkubwa. Sawazisheni kwa kiapo cha majina mapema kabla ya kufungua shauri. Ukisubiri benki ikugundulie, utakuwa umeshapata barua ya uteuzi yenye jina lisilofungua akaunti yoyote.

Kuhusu idadi, sheria inaruhusu zaidi ya mmoja, na mimi napendelea wawili: mjane na mtoto mkubwa, au mtoto wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo. Ndiyo, sahihi mbili zinachelewesha benki. Ucheleweshaji huo ndio ulinzi.

Msimamizi akishateuliwa, kazi zake ni tatu na zinafuatana: kukusanya mali na madai ya marehemu, kulipa madeni na gharama, kisha kugawa kinachobaki. Wanaoanza na ya tatu huishia kumlipa mdai kwa fedha zao wenyewe, kwa sababu msimamizi akiitumia mali isivyo au akaisababishia hasara, atawajibika kuirudisha. Mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) haufi na mkopaji, ingawa muulize kwanza kama ulikuwa na bima, maana mikopo mingi inayo na familia hazijui.

Fomu Na. 5 ni orodha kamili ya mali na madeni. Katika Mahakama ya Mwanzo inatakiwa ndani ya miezi minne tangu uteuzi, au muda wa nyongeza ambao mahakama itatoa ukiuomba. Kwa mashauri ya Sura ya 352 ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Andika kila kitu kwa namba: namba ya hati, kitalu, namba ya akaunti na salio la siku ya kifo, namba ya usajili wa gari, ng'ombe wangapi na wako kwa nani. "Nyumba moja Mbagala" haitoshi; nyumba zilizo Mbagala ni nyingi.

Fomu Na. 6 ni hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichouzwa, nani kapewa nini. Hapa ndipo mirathi nyingi zinapofia, na muuaji mkubwa ni kodi ya pango. Chukua nyumba ya vyumba sita, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Ni 300,000 kwa mwezi, na kwa miezi 30 ni milioni 9. Msimamizi aliyekuwa anapokea kwenye simu yake, akarekebisha bati, akalipa ada ya mdogo wake, akamsaidia shangazi hospitali, huenda hakuiba hata senti. Lakini hana risiti, na mbele ya hakimu milioni 9 bila karatasi inasomeka kama wizi. Afungue akaunti ya mirathi, wapangaji walipe humo, na daftari la matumizi liwe na risiti zilizobanwa kila ukurasa. Sehemu ya watoto wadogo itengwe na iandikwe kwa majina yao, maana anaishika kama amana tu.

Ardhi nayo ina hatua mbili ambazo watu hutaka kuzifanya moja. Hati kwanza inasajiliwa kwa jina la msimamizi, ikitajwa kwamba ni msimamizi wa mirathi ya fulani. Baada ya hapo ndipo inahamishwa kwenda kwa mrithi au mnunuzi. Mnunuzi anayekubali mkataba uliosainiwa na warithi watano bila msimamizi amenunua sahihi tano. Na ikiwa kuna jirani amevamia shamba, anayefungua kesi ni msimamizi kwa cheo hicho. Mrithi akienda Baraza la Ardhi kwa jina lake mwenyewe kudai shamba la baba, kesi itatupwa hata kama ukweli wote uko upande wake.

Msimamizi akikaa kimya kupita muda, warithi wana njia. Waiandikie mahakama ileile iliyomteua, wakitaja namba ya shauri, waombe aitwe aeleze kwa nini hajaleta fomu. Kutoleta orodha au hesabu bila sababu ya msingi, au kuleta ya uongo, kunatosha kumvua usimamizi. Uamuzi usipowaridhisha, rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Kwa maoni yangu mahakama zenyewe zingeita kila jalada lililofikisha miezi minne bila kusubiri malalamiko, lakini kwa sasa anayekumbuka tarehe ni mrithi.

Na msimamizi akifariki kabla ya kumaliza, mwanawe harithi cheo hicho, hata kama ndiye anayeshika funguo. Mnarudi kuomba msimamizi mwingine kwa kazi iliyobaki, na atakayekuja atahitaji jalada la mwanzo ili ajue nini kilishagawanywa. Namba ya shauri imo kwenye barua ya uteuzi. Kila mrithi aipige picha siku hiyohiyo, kabla msimamizi hajaiweka kwenye bahasha.