Sanamu ya Casement na mashahidi waliogeuzwa herufi

Tangu mwaka 2021, sanamu ya shaba ya Roger Casement imesimama ufukweni Dún Laoghaire, kusini mwa Dublin, karibu na Sandycove alikozaliwa mwaka 1864. Nchini Ayalandi anakumbukwa zaidi kama mpigania uhuru aliyenyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Kwa Waafrika, jina lake limeshikamana na mwaka 1903, alipopanda Mto Kongo akiwa konsuli wa Uingereza, na ripoti iliyochapishwa mwaka uliofuata kuhusu utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama mali yake binafsi.

Kwa nini anayetukuzwa kwa kuwatetea Wakongo awe tena Mzungu? Swali hilo ni halali. Casement aliingia Kongo mwaka 1884, kijana wa miaka 20, akafanya kazi katika miradi ile ile iliyomfungulia Leopold njia. Kisha kuna shajara zake. Serikali ya Uingereza ilizisambaza kwa siri mwaka 1916 ili kuzima maombi ya kumwokoa na kitanzi. Wapo wanaosema zilighushiwa, ingawa uchunguzi wa mwandiko wa mwaka 2002 uliona ni zake. Zinataja vijana waliolipwa kwa ajili ya ngono, wengine katika nchi ambako yeye alikuwa na cheo na wao hawana kitu. Anayekataa kumvulia kofia kwa sababu hiyo simlaumu.

Lakini wanaomtia katika kapu moja na kila Mzungu aliyewahurumia Waafrika hawajaisoma ripoti yenyewe. Nguvu yake imo katika maneno ya Wakongo. Zama ambazo neno la Mwafrika halikuhesabiwa kuwa ushahidi, Casement aliketi na wakimbizi, akauliza, akaandika walichojibu. Mmoja alieleza kwamba kila kijiji kwao kilitakiwa kupeleka mizigo 20 ya mpira, utomvu unaogemwa kwenye mimea ya msituni, mara nne kwa mwezi. Wanaume walizidi kuzama msituni, wanawake wakaacha mashamba, njaa ikaingia, na wengine wakaliwa na chui. Walipoomba waachwe kwa kuwa mpira umekwisha, walijibiwa kwamba wao wenyewe ni wanyama tu, ni nyama.

Halafu kuna Bolobo. Mji huo wa kando ya mto, wengi wa wakazi wake wakiwa Wabobangi, ulikadiriwa kuwa na watu 40,000 siku za mwanzo za utawala wa Wazungu. Mwaka 1903 Casement aliandika kwamba waliobaki hawazidi 7,000 au 8,000. Watetezi wa Leopold walisema hayo ni makisio, na kweli ni makisio, maana hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba akihesabu. Ni kweli pia kwamba malale yalikuwa yanaua kando ya mto wote. Ila Casement mwenyewe aliyataja malale miongoni mwa sababu za vijiji kupungua, jambo ambalo mzushi angelificha. Tukikata makisio ya awali kwa nusu, tukasema walikuwa 20,000, bado zaidi ya nusu hawapo. Na maradhi hayasimami peke yake: miji ya mtoni ililazimishwa kulisha vituo vya serikali, na mwili ulionyimwa chakula chake hauna cha kupigania.

Dola ya Leopold ilijitahidi kumuumbua. Kijana Epondo, mmoja wa mashahidi wa Casement, aliyekatwa mkono, alionyeshwa baadaye kuwa amekana maneno yake na kusema aling'atwa na nguruwe pori. Hata hivyo tume aliyoiunda Leopold mwenyewe ilirudi na ushahidi wa dhuluma zile zile, na mwaka 1908 Kongo ikaondoka mikononi mwake, ikawa koloni la Ubelgiji. Uhuru haukuja, na hilo wakosoaji wana haki ya kulisema. Mwaka 1910 Casement alikwenda Putumayo, katika Amazon huko Amerika Kusini, akafanya kazi ile ile kwa ajili ya wenyeji, Wahuitoto na Wabora, waliokuwa wakiuawa na kampuni ya mpira iliyosajiliwa London.

Ambaye bado anaona sanamu hii ni ya ziada afike Brussels, ambako Leopold yuko juu ya farasi karibu na kasri.

Hoja ya wakosoaji inayoniuma kweli ni ya majina. Kabla ya kuchapa, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliyafuta majina ya watu na mahali, ikaweka herufi. Mashahidi wakawa alfabeti, na konsuli akabaki na jina, baadaye na sanamu. Kosa hilo ni la wizara. Casement alikuwa ameyaandika, na hati yake ya awali bado ipo. Kwa hiyo sioni haja ya kuing'oa sanamu ya Dún Laoghaire. Halmashauri iliyoisimamisha ichonge chini yake majina ya waliozungumza, na Serikali ya Kinshasa iwajengee mnara wao Bolobo.