Tiketi Tatu za Monaco

Baba yangu alifundisha michezo miaka thelathini na tano, na sijawahi kumwona akikimbia. Kazi yake ilikuwa kusimama penye mstari wa kumalizia, saa ya kupimia mbio mkononi, na kuwaambia watoto wa watu kwamba wamechelewa. Mapenzi ya riadha yalimwingia akiwa na miaka 12, kupitia redio ya jirani, na hayajamtoka hadi leo. Kwa hiyo kiinua mgongo chake kilipotoka, akatuita mimi na Shangazi kututangazia kwamba anakwenda Ulaya na sisi tunamsindikiza, tulijua tu si mnara wa Eiffel anaoutaka.

"Nataka Monaco," akasema. "Uwanja wa Louis II. Pale ndipo Faith Kipyegon alipokimbia maili kwa dakika 4 na sekunde 7.64, Julai 2023. Pale pale Cheptegei wa Uganda akavunja rekodi ya mita 5,000 mwaka 2020. Pale pale Chepkoech akavunja ya kuruka viunzi na maji mwaka 2018. Na uwanja wenyewe umejengwa juu ya maegesho ya magari! Kuna nini mle? Nataka nikaugonge kwa kisigino nisikie."

Shangazi, ambaye ni dada yake mkubwa na riadha haimhusu, akasema yeye anataka kuona ule mji wa watu wanaotembea kwa mitumbwi.

Kazi ya kupanga safari nikapewa mimi kwa sifa moja tu: nina kompyuta.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa na miji tisa kwa siku kumi na tatu. Roma, Florence, Venice, Milano, Monaco, Barcelona, Paris, Brussels, Amsterdam. Nilikuwa nimeupaka rangi, kila mji na yake. Baba akavaa miwani, akausoma wote kimya kimya, kisha akauliza, "Hizi ni mbio za kupokezana vijiti. Huyo wa kunipokea yuko wapi?" Nikapunguza. Ikabaki Roma, Verona, Monaco na Paris. Verona iliingia kwa sababu kulala Venice kwenyewe ni ghali, na kutoka Verona unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa Monaco pia tungelala Nice, upande wa Ufaransa, maana bei za hoteli za Monaco nilizitazama mara moja nikafunga kompyuta.

Halafu viza. Ukitaka ya Schengen, ile moja inayokupitisha nchi nyingi za Ulaya, unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kwetu ikawa Italia. Ada ilikuwa yuro 80 kwa kichwa. Wanataka stetimenti ya benki, wanataka kujua kila usiku utalala wapi, na wanataka bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Shangazi alipoisikia hiyo 30,000 akafurahi sana. Alidhani ndizo atakazokabidhiwa akirudi salama.

Mpango ulipokamilika niliupeleka saiba ukapigwa laminesheni. Nilitembea nao kifuani kama kitambulisho cha kazi, na nakiri nilikuwa najisikia.

Roma sitaieleza sana, isipokuwa mkahawa mmoja karibu na stesheni ya Termini. Shangazi aliagiza chai ya maziwa. Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, akainama: "Sì, sì, signora!" Shangazi akachukua mkoba wake akainuka.

"Twendeni. Wamesema si."

"Shangazi, kwa Kiitaliano si maana yake ndiyo."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo ilivyo."

"Mwanangu, mimi nimezungumza miaka sabini. Mtu akikwambia si, amekataa. Si ni si, hata ukiisemea Roma."

Chai ikaja. Hata hiyo haikumshawishi. Akasema kijana amebadili mawazo.

Venice ilimchosha mapema. Tuliangukia Jumamosi, tukatozwa yuro 5 kila mmoja za kuingia mjini, kiingilio cha wageni wa kutwa kilichokuwa kimeanza Aprili hiyo hiyo ya 2024. Alipoambiwa gondola ni yuro 90 kwa nusu saa, aliuliza mara tatu kama ni kukodi au kununua. "Likoni navuka bure kila siku, tena na mbuzi na mikokoteni," akamwambia mwenye chombo kwa Kiswahili safi, akapiga picha kando ya gondola huku ameshika ubavu wake kama mwenye mali, basi, akatosheka.

Kesho yake ndiyo siku yenyewe.

Kwenye ile laminesheni, mstari wa bluu ulisema hivi: Verona hadi Milano, badilisha, Milano hadi Ventimiglia, badilisha, Ventimiglia hadi Monaco, dakika ishirini na kitu. Safari hiyo peke yake nilikuwa sijaikatia tiketi mapema, kwa sababu kadi yangu ya benki iligoma usiku ule na mimi nikasema potelea mbali, tutanunua dirishani. Tulifika stesheni ya Verona Porta Nuova kabla ya saa tatu asubuhi. Nikashikwa na haja. Choo cha stesheni kinataka sarafu ya yuro moja kwenye kigeti, na mimi nina noti tupu, na foleni ndefu. Baba analinda mizigo. Nikamwachia Shangazi pesa na kikaratasi nilichoandika kwa herufi kubwa: MONACO, 3.

Ni kikaratasi tu. Mtu angekosea vipi?

Niliporudi, Shangazi ameshika tiketi kama upepeo, anajipepea nazo. "Moja kwa moja," akasema. "Hakuna kubadilisha."

Nikatazama laminesheni. Nikatazama ubao wa safari. Ubao ulisema MONACO, wazi kabisa, na treni inaondoka muda si mrefu. Nitasema ukweli: jambo la kwanza lililonijia halikuwa wasiwasi, lilikuwa wivu. Miezi minne nimekesha kwenye intaneti kuipanga safari hii, na mama wa miaka sabini asiyejua kufungua barua pepe amepata treni ya moja kwa moja ambayo mimi sikuiona.

"Hongera, Shangazi," nikasema, kwa shingo upande.

Kondakta wa kwanza akapita, akatazama tiketi, akazigonga, akatutakia safari njema. Kila kitu sawa. Shangazi akatoa chupa yake ya achari ya embe, aliyoifunga kwa soksi mbili na mfuko wa nailoni, akaanza kuila na mkate wa hotelini. Baba alikuwa amekaa dirishani, upande wa kulia. Baada ya kama nusu saa akaanza kujipapasa shavu.

"Mwanangu, Monaco iko upande gani wa Verona?"

"Magharibi, Baba."

"Sasa hivi ni asubuhi. Jua liko mashariki. Tungekuwa twaenda magharibi lingenipiga kisogoni. Mbona laniunguza shavu la kulia?"

"Reli hupinda, Baba."

Akanyamaza, ile nyamaza ya mwalimu anayengoja mtoto ajione mwenyewe kosa lake.

Reli haikupinda. Shavu la Baba liliendelea kuiva. Mashamba ya mizabibu yakaja, kisha mitufaha, kisha milima ikaanza kutusogelea huku na huku kama watu wanaotaka kukuuliza jambo. Ikaja stesheni yenye majina mawili, Bolzano na Bozen. Matangazo yakaanza kwa Kijerumani. Kwenye vilele nikaona theluji, mwezi wa Mei.

"Monaco iko kando ya bahari," Baba akasema, kwa sauti ya upole iliyoniogopesha.

"Ndiyo, Baba."

"Bahari ya wapi hii yenye theluji?"

Nikamwambia labda treni inazunguka kukwepa foleni. Naapa nilisema hivyo. Treni, kukwepa foleni. Masikio yakaziba. Tukafika kijiji cha mlimani kiitwacho Brenner, mita 1,370 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo bahari yenyewe ungeihitaji kwa maombi. Simu ya Baba ikalia. Akaisogeza mbali na macho, akausoma ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, ili gari zima lisikie:

"Karibu Austria."

Nikafungua ramani kwenye simu. Kile kidoti cha buluu kilikuwa katikati ya milima ya Alpi, kinatweta kuelekea kaskazini.

Kondakta mpya alikuwa mama mnene mwenye tabasamu. Nikamwonyesha tiketi, nikamuuliza kwa Kiingereza kilichokauka: hii treni inakwenda Monaco? Akasema naam, Monaco. München. Nikasema hapana, Monaco, bahari, mwanamfalme, magari ya mashindano. Akanitazama, akatazama laminesheni yangu kifuani, akasoma ule mstari wa bluu kwa kidole. Kisha akaweka mkono mdomoni. Kisha akaenda kumwita mwenzake aje kuona.

Waitaliano, kumbe, mji wa Munich wanauita Monaco. Jina la Kijerumani lenyewe linatokana na watawa, na mtawa kwa Kiitaliano ni monaco. Wakitaka kuondoa utata husema Monaco di Baviera, yaani ile ya Bavaria.

Hapo ndipo damu ilipoganda. "Shangazi," nikasema, "yule wa dirishani alikuuliza chochote?"

"Aliniuliza," akajibu, bila kuacha kutafuna. "Nilimpa kikaratasi. Akasoma, akaniuliza, 'Monaco di Baviera?' Mimi simjui Baviera wala hajanitumia salamu. Nikamwambia, 'Si Baviera! Monaco!' Akauliza tena, 'Baviera?' Mtu mbishi! Nikagonga kioo, nikamwambia, 'Si! Si! Si Baviera! Monaco, bwana!' Ndipo akaelewa, akacheka, akanipa tiketi."

Hakuna aliyesema kitu mpaka tunnel ya pili.

Nilikuwa nahesabu hasara kichwani: hoteli ya Nice, usiku mbili, imelipwa na pesa hazirudi. Nikangoja Baba aanze. Hakuanza. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Umesema Munich," akasema. "Munich hii ya Ujerumani?"

"Baba, sina hakika na chochote tena."

"Yenye Olimpiki? Septemba 1972?" Akakaa wima. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya paredi. "Kipchoge Keino, dhahabu, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ben Jipcho nyuma yake, fedha. Akii-Bua wa Uganda, mita 400 viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia, tena wamempa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ile ambayo hakuna mtu anaitaka! Na vijana wetu wa vijiti, dhahabu. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya dirisha la jirani nasikiliza, miguu imejaa siafu, nikikataa kuondoka."

Akamgeukia dada yake, akamshika mkono ulio na achari.

"Dada," akamwambia, "Mungu akuweke."

Shangazi akasema amina, kama mtu aliyetarajia hivyo tangu mwanzo.

Tulifika saa nane u nusu mchana. Chumba tulichopata karibu na stesheni kilikuwa cha watu wawili, tukalala watatu. Asubuhi tukapanda treni ya chini ya ardhi, ile ya U3, hadi Olympiazentrum. Paa la uwanja ule si paa kama ninavyolijua mimi. Ni vioo vya plastiki vilivyoning'inizwa kwa kamba za chuma kwenye nguzo ndefu, vinapanda na kushuka. "Wametundika chandarua," Shangazi akasema, na mpaka leo sijapata maelezo bora.

Baba akakata tiketi, akateremka ngazi moja moja mpaka chini kabisa alipoweza kufika. Akagonga zege kwa kisigino mara mbili. Akavua kofia. Akatoa saa yake ya kupimia mbio, ile ya shule ambayo alipaswa kuirudisha alipostaafu, akafumba macho, akaibonyeza.

Tukamngoja. Dakika zikapita. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Kila baada ya muda mkono wake wa kushoto ulipanda kidogo, kama unamrusha mtu juu ya kiunzi. Mtalii mmoja akaja kuniuliza kama mzee yuko salama. Shangazi alikuwa amenunua mkate ule wa Kijerumani uliosokotwa kama kamba, anauchovya kwenye chupa ya achari. Hatimaye Baba akabonyeza tena, akafungua macho, akaitazama saa.

"8:31," akasema, amehuzunika. "Keino alikimbia 8:23. Nimemchelewesha kwenye maji."

Kutoka Munich kuna treni ya moja kwa moja hadi Paris, kama saa sita hivi. Tiketi nilinunua mimi, kwa mkono wangu, nikarudia neno Paris mpaka muuzaji akaniomba ninyamaze. Ile laminesheni niliiacha kwenye pipa la taka la stesheni, ingawa Shangazi aliiokota. Sasa hivi anaitumia kufunikia mtungi.

Baba yeye amebaki na tiketi yake. Anatembea nayo kwenye mfuko wa shati. Jioni barazani, kahawa ikishamiminwa, huitoa akaizungusha mkono kwa mkono, na wazee huisoma wenyewe: Monaco. Juzi jirani mmoja, mpenzi mkubwa wa riadha, akamuuliza waziwazi: "Mwalimu, kwa hiyo ulifika kabisa uwanjani, alikovunja rekodi Faith?"

Baba akanywa kahawa yake taratibu, akaweka kikombe chini, akaichukua tiketi na kuirudisha mfukoni.

"Si," akajibu.