Siku Sita na Nusu za Wifi Yangu

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, mtoto wa ami yangu aliyeko Uingereza alitupia ujumbe kwenye kundi la ukoo. Nyumba yetu ya Jambiani, pwani ya Unguja, tuigawe kwa wiki, kila mtu ajue zake, kama wanavyofanya Wazungu na nyumba zao za mapumziko. Akaiita taimushea. Vijana wakamiminia vijimoyo. Mimi nilinyamaza, nikachukua kalamu na bahasha ya vidonge iliyokwisha, nikaanza kupiga hesabu.

Nyumba yenyewe si kasri. Vyumba vinne, kuta za mawe na chokaa, baraza pana, kisima cha maji ya chumvichumvi, na paa lililokuwa la makuti lote, sasa nusu yake bati. Baba na ami waliijenga kwa kuchangiana nusu kwa nusu, zama ambazo mtu wa mjini akijenga Jambiani watu walimuuliza kagombana na nani. Tulikuwa tukienda likizo za skuli, tunalala kumi chumba kimoja, asubuhi tunawafuata kinamama wa mwani mpaka maji yakijaa.

Baba alipofariki aliacha mke, wavulana wawili na wasichana watatu. Mwenye kuijua mirathi ataona hesabu hii imenyooka kama iliyopigwa uzi: mama thumuni moja, yaani sehemu moja katika nane, na katika thumuni saba zilizobaki kila mvulana mbili na kila msichana moja. Lakini baba alikuwa na nusu ya nyumba tu, nusu nyengine ni ya ami. Kisha mama naye akamfuata, fungu lake likaturudia sisi watoto. Ukijumlisha yote, kila kaka akawa na sehemu moja katika saba ya nyumba nzima, na kila mmoja wetu wasichana sehemu moja katika kumi na nne. Ukizigeuza siku za mwaka, mimi nina siku 26. Si haba.

Mwaka juzi kaka mkubwa akatangulia mbele ya haki, akaacha mke na watoto wanne. Wifi yangu ana thumuni ya fungu la mumewe, yaani sehemu moja katika 56 ya nyumba. Nikaigawa 365 kwa 56. Siku sita na nusu.

Huyu ndiye mwanamke aliyepika pilau ya kila Iddi katika nyumba ile. Ndiye anayejua bomba lipi likifunguliwa lote linapoteza maji, na ni jirani gani anayeachiwa ufunguo. Siku sita na nusu, na kwa kuwa wenye mafungu makubwa ndio wangechagua mwanzo, bila shaka zingemwangukia masika, mvua ikipiga kutwa na njia imejaa matope.

Silalamikii thumuni. Fungu limepangwa na Mwenye kupanga. Ninalogombea ni kwamba fungu la milki si lazima liwe ratiba ya kulala. Mafakihi wametenganisha mambo hayo karne nyingi kabla hoteli yoyote haijauza wiki: mali inabaki ya shirika, na manufaa yake wenye mali wanaweza kupeana zamu, mwezi wako na mwezi wangu. Jina lake muhayaa. Kwetu Washafii zamu hiyo ni ya kuridhiana. Hapana wa kushurutishwa, na aliyeridhia leo anaweza kesho kusema basi. Kwa hiyo binamu hakuleta jambo geni. Alicholeta kipya ni kalenda ya ukutani, na hiyo ndiyo mbovu. Iddi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Aliyepewa wiki yenye Iddi mwaka huu, mwakani tu anaiona imetoka kwenye wiki yake. Huku Julai kuna sherehe za Mwaka Kogwa Makunduchi, Agosti wanashuka wa nje na watoto wao, na siku za kusi kali hata ngalawa hazitoki. Huwezi kuvipanga hivyo kwa wiki zenye nambari.

Nikampigia binamu simu. Baada ya kuulizana hali nikamuuliza taimushea yake imefika wapi, maana nilijua ana wiki yake Tenerife, kisiwa cha Hispania, kainunua mwaka 2003 yeye na mkewe katika safari ambayo waliitwa kunywa kahawa ya bure. Akacheka kicheko cha mtu aliyebanwa. Ada ya matengenezo hulipwa kila mwaka, uende usiende, nayo kila mwaka inapanda. Ameitangaza kuiuza, hakuna hata wa kuuliza. Kinachomkosesha usingizi sasa ni mkataba kuandikwa kuwa hauna mwisho. Anaogopa kuwaachia wanawe bili.

Hofu yake si ya bure, ila si kubwa kama anavyodhani. Alichonunua ni haki ya kutumia, kitu kilicho karibu na ijara, yaani upangaji, na kwa madhehebu yetu ijara haivunjiki kwa kifo cha mpangaji. Manufaa yaliyobaki yanarithiwa. Lakini deni la marehemu hutoka katika mali ya marehemu, si mfukoni mwa mwanawe. Hispania kwenyewe sheria ya mwaka 1998 iliweka ukomo wa miaka 50 kwa mikataba ya namna hiyo, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua kuwa mikataba iliyofungwa chini ya sheria hiyo ikiruka ukomo huo ni batili. Nikamwambia atafute mwanasheria akiwa hai, asiwaachie watoto kazi hiyo. Siku hizi huko Ulaya mnunuzi anapewa siku 14 za kubadili mawazo. Kahawa ya bure inahitaji siku 14 kutoka kichwani.

Nilikata simu nikiwa bado namcheka. Halafu ukaja ujumbe wa mlinzi wa Jambiani: pampu imekufa, tukuza ya umeme imebaki yuniti nne, na upande wa bahari chumvi imekwishala bati. Mshahara wa mlinzi huyo ni mwaka wa pili sasa naulipa peke yangu. Ile ada inayomkera binamu ndiyo hasa tunayoikosa sisi. Pita Mji Mkongwe uangalie nyumba zilizoegemezwa magogo. Ukiuliza utaambiwa ni ya warithi. Warithi thelathini, wengine Muscat, wengine Dubai, kila mmoja ana haki yake na hapana hata mmoja wa kununua mfuko wa chokaa. Siku ya kuuza ndiyo utakayowaona wote.

Kwa hiyo nilipojibu kundini, zamu sikuzigusa. Niliandika kwamba kwanza tuamue nani analipa nini. Ada ya mwaka, kila mtu kwa kadiri ya fungu lake: ami na wanawe nusu, sisi nusu. Asiyelipa hanyang'anywi milki, hilo hatuna haki nalo, lakini zamu yake inapangishwa na kodi inaingia kwenye bati. Kwa hesabu hiyo wifi yangu analipa kidogo kuliko wote, na siku za kukaa tumtazame kwa utu. Vijimoyo havikuja.

Alilojibu binamu ndilo lililonipandisha presha. Akasema makaratasi tuyarahisishe: tuandike majina mawili, lake na la kaka yangu aliyebaki, kama alivyoandika nyumba yake ya Uingereza na mkewe. Nikamuuliza wameandikana vipi. Hajui. Basi nikamweleza kwamba huko kuna namna mbili. Katika moja, wawili wanamiliki kitu kizima kwa pamoja, na akifa mmoja aliyebaki anachukua chote papo hapo, hata wasia haufui dafu. Katika ya pili kila mtu ana hisa yake, na akifa hisa inakwenda kwa warithi. Wanandoa wengi wako katika ile ya kwanza bila kujua. Maana yake binamu akitangulia leo, ami yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, hapati katika nyumba ile sudusi yake ya baba, sehemu moja katika sita. Dawa ipo na ni nyepesi: barua ya kuutenganisha umiliki uwe wa hisa. Lakini huandikwa na aliye hai.

Majina mawili Jambiani yangetuletea balaa kama hilo. Tena hali yetu tayari ni mbaya kuliko hivyo, kwa sababu hati ina jina moja, la ami. Baba alitoa nusu ya fedha na neno lake, ami akaenda kuandikisha, ikaisha. Ardhi ya Zanzibar tangu Mapinduzi ni ya Serikali. Tulicho nacho chini ya sheria ya mwaka 1992 ni haki ya matumizi, nayo inarithiwa, ila anayerithisha ni yule aliyeandikwa. Ami anakiri nusu yetu kila anapotuona. Wanawe waliozaliwa Muscat hawakuwapo mawe yakibebwa. Siku watakapokwenda na hati ile Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kugawiwa mirathi ya baba yao, sitawalaumu wakidai nyumba yote.

Kila mtu sasa ana shauri lake. Mdogo wangu anataka tuitie wakfu kwa ajili ya kizazi chetu, isiuzwe wala isirithiwe. Moyo wangu unaipenda, hasa kwa hoteli zinavyotuzunguka, lakini wakfu usiokuwa na pato la kuutengeneza ni gofu la kesho, na kila mtu anaweza kuwakifu fungu lake tu. Mwengine anasema ami atuandikie hiba, yaani zawadi. Hiba bila kukabidhi ni maneno, na nusu ile si yake hata atupe. Wasia? Hauvuki theluthi ya mali, na wasia ni wa mtu kutoa chake. Wapo wanaotegemea shufaa, kwamba mwenzetu akiuza tutanunua sisi kwa bei ile ile. Masheikh wanabishana kama ipo kwa nyumba ndogo isiyogawika, na hata ikiwapo, bei ya kiwanja cha pwani leo nani kati yetu anayo?

Mimi nataka karatasi moja tu, nayo ni ikrari. Ami aandike kwamba nusu ya nyumba ile tangu msingi ni ya ndugu yake, atie saini mbele ya mashahidi, ipelekwe kwa wakili na kwenye usajili wa ardhi. Kumfuata mzee kwa karatasi kama hiyo kunaonekana ni kumhesabia siku. Dada yangu alikataa kabisa kwenda, akasema atamtazamaje.

Nimekwenda peke yangu wiki iliyopita. Ami alikuwa barazani, miwani juu ya paji. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa nini sikuandika kisima, maana kisima alikichimba baba kwa fedha yake peke yake na yeye hana kitu mle. Sasa naiandika upya. Jumapili narudi na mashahidi wawili, na nimeagizwa nisije bila samaki, changu.