Seremala na Kijiti cha Dola 160

Mimi ni seremala hapa Lamu. Jana nilikuwa nimekaa zangu barazani nakunywa kahawa chungu, sina ugomvi na mtu, binti yangu akaja na simu.

"Baba, hebu kisia. Rangi ya mdomo hii bei gani?"

Nikatazama: kijiti. Nikasema shilingi mia tatu, na hapo nimeshamhurumia mwenye duka kwa nauli ya boti ya Mokowe.

"Dola 160."

Kahawa ikapanda puani. Nikachomoa penseli sikioni nikapiga hesabu, inapita shilingi 20,000! Mteja akiniletea pesa hizo kwa kitanda, kwanza anakaa saa nzima akiniomba nipunguze kwa heshima ya marehemu babake.

Nikauliza muuzaji nani. Louis Vuitton, kampuni ya mikoba ya Paris. Hapo ndipo nilipoumia, maana bwana mwenye jina hilo ni wa kazi yangu! Alifungua duka Paris mwaka 1854, akiuza masanduku ya safari. Sifa yake kubwa ni kwamba masanduku ya zama zile yalikuwa na mgongo, yeye akayatia kifuniko bapa ili yapangike moja juu ya jingine. Jambo la akili, sikatai. Lakini babu yangu naye alitia makasha yake kifuniko bapa maisha yake yote, tena mbao za mbambakofi na njumu za shaba, na wa kumwita mbunifu hakutokea. Watalii huyapiga picha, wakasema ni mazuri, wakaenda zao Shela kuogelea.

Basi Agosti 2025 wenye masanduku wakageukia midomo. Rangi 55. Kwa nini 55? Binti akanieleza kwamba herufi L na V kwa hesabu za Kirumi ndiyo 55. Bahati yao. Mimi herufi zangu ni S na H, hazihesabu hata punje ya mchele.

Aliyezisimamia rangi ni Pat McGrath, Mwingereza mwenye asili ya Jamaika, bingwa wa vipodozi duniani. Kwa huyo mke wangu alidakia kutoka ndani, "Huyo anajua uso, msimguse." Basi nikamwacha.

Bei ilipotangazwa watu walichachamaa mitandaoni. Wapo waliosema ni dharau, wapo waliowajibu kwamba hakuna aliyeshikiwa fimbo anunue. Mimi nimewaelewa hata wanunuzi, ingawa moyo wangu haupendi kuwaelewa. Mkoba wa nyumba ile ni maelfu ya dola. Kijiti ndio mlango wa uani: unachungulia jumbani, ukumbini hufiki.

Lakini kilichonivunja mbavu ni kwamba kikiisha hukitupi. Unaenda kununua cha ndani peke yake, dola 69, unachomeka. Mtungi wa gesi wa mdomo! Nyumbani kwangu ule wa jikoni tu ukiisha, tunatazamana kama mashahidi wa kesi.

Tena si wao peke yao. Hermès, kampuni nyingine ya Paris, walianza 1837 na hatamu na matandiko ya farasi, na 2020 wakatoa rangi zao za mdomo. Jirani yangu mwenye punda watatu wa kubeba mchanga nimemwambia ajiandae, mji huu ndio wenye rasilimali. Ameniuliza kama punda nao watapakwa.

Basi usiku nikamweleza mke wangu mpango. Wanja, hina, piko, liwa, vikuba vya asumini, yote haya yako humu humu, bibi zetu walijipamba nayo kabla ya Paris kusikia habari zetu. Tutie ndani ya kasha dogo la mbambakofi, njumu pembeni, herufi zangu juu ya kifuniko, kifuniko bapa. Dola 160. Kujaza liwa, dola 69.

Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingenishtua mapema.

"Baba Swaleh," akasema, "yule bwana masanduku aliyamaliza kwanza?"

"Aliyamaliza."

"Na mlango wa kabati langu ulionitolea bawaba kabla ya Ramadhani?"

Saa tano za usiku niko uani na tochi mdomoni, natafuta bisibisi.