Shangazi wa Benki F

Kabla hamjaendelea kutumiana ile klipu, nisikilizeni mwenye msiba. Aliyeirusha ni rafiki yangu kabisa, nauli ya bajaji ya kuja ukumbini nilimlipia mimi, na maneno aliyoandika chini yake nusu ni uongo. Sikulia. Lile lilikuwa jasho.

Basi, sendofu ya binamu ilikuwa Jumamosi, na mnajua nilivyowachosha hapa mwezi mzima na Roland SP-404SX yangu ya mtumba, ile mashine ya kunasa vipande vya sauti na kuvipiga kwa vidole. Nikaahidi wimbo wa kumuaga, mwimbaji Shangazi. Tulirekodi chumbani kwangu Mbagala, godoro tumelisimamisha dirishani. Shangazi sauti anayo, Mungu kampa, ila mstari mmoja hauimbi mara mbili kwa namna moja. Kwa hiyo wimbo niliushona kwa viraka: mstari wa kwanza teki ya 3 (yaani mara ya tatu ya kurekodi), wa pili teki ya 9, kiitikio teki ya 5 baada ya kukata honi ya muuza barafu, vigelegele teki ya 11. Kila kipande kikapata pedi yake. (Pedi ni vile vitufe vya mpira. Wewe unayecheka nakuona.) Pedi ziko 12, na benki, yaani mafungu ya sauti za pedi hizo, ziko 10, A mpaka J. Mimi huyu, benki kumi, na mfukoni sina nauli.

Vipande safi nikaviweka benki A. Takataka nikazirundika F, nitazifuta kesho. Takataka maana yake vikohozi, mvua juu ya bati, na Shangazi akipumzika na chai yake huku mashine bado inarekodi.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. A na F zinatumia kitufe kimoja. Taa ikitulia uko A, ikipepesa uko F. Nyumbani ni rahisi. Ukumbini, chini ya taa za disko, kila kitu kinapepesa, hadi keki.

Mtu mwenye akili angezipanga pedi zote kwenye patani moja, yaani mpangilio unaojipiga wenyewe, akiwa kwake, akifika abonyeze mara moja, akae, ale. Mimi nilitaka watu waone vidole.

Mshereheshaji akanitaja kwa mbwembwe. Nikabonyeza kitufe cha benki. Sikuwa na uhakika, nikabonyeza tena. Kisha pedi ya 1.

Kimya. Nikajiuliza, mbona vigelegele haviji?

Halafu spika nne za ukumbi, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la tatu, zikanywa chai. *Fyuuuup.* Watu wote wakamsikia Shangazi akimeza. Chai ile niliitambua. Ina tangawizi, niliichemsha mwenyewe.

Mkono wangu ukaanza safari ya kwenda kuzima, na ulikwenda kama daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Sauti ikawahi kufika. Safi! Kelele zote nilikuwa nimeziondoa: "Mwanangu, mahari yenyewe wameleta nusu..."

Meza ya wakwe, baba wa bwana harusi alikuwa na kipande cha ndafu kwenye uma. Kikasimama katikati ya sahani na mdomo.

"...halafu wanakuja watu arobaini kula."

Na mwangwi nilikuwa nimeuacha wazi kwa ajili ya kiitikio. Kula... kula... kula... kula...

Nikabonyeza. Ikasimama. Nikamshukuru Mungu. Lakini pedi zile nilizitega hivi: ukibonyeza inasimama, ukibonyeza tena inaanza upya, na kidole changu kilikuwa kimelowa. Kikateleza. *Fyuuuup.* "Mwanangu, mahari..." Nikazima. Kikateleza. "Mwanangu, maha..., mwanangu, maha..., mwanangu, maha..." DJ wa ukumbi, Mungu amsamehe, akadhani ndivyo wimbo unavyoanza. Akapandisha sauti, akautupia mdundo wa singeli kwa chini. Na kinachoniuma zaidi, jamani, ukakaa kwenye biti! Vijana wa meza za nyuma wakainuka kucheza. Klipu mnayotumiana inaanzia hapo, ndiyo maana naonekana kama msanii.

Shangazi? Meza ya pili, ndani ya sare ya kitenge, anaangalia dari kama anamtafuta aliyesema.

Nikang'oa nyaya.

Mengine ni haya tu: wazee walitoka nje wakateta, wakarudi, ndoa ipo, nusu iliyobaki ilitumwa kwa simu Jumapili asubuhi na mbuzi mmoja wa nyongeza. Shangazi ameshikilia kwamba ile si sauti yake, siku hizi mitambo inaiga watu. Binamu nikimwandikia ananijibu "sawa", bila nukta. Huyo rafiki yangu ameifanya mlio wa simu. Jana tumepanda wote daladala, akapigiwa, abiria wakageuka: kula... kula...

Na ninyi mnaonifuata pembeni kuomba faili zima, ni kweli benki F sijaifuta. Nitafuta kesho. Lakini teki ya 14 siitoi hata mniue. Humo anamzungumzia mama mkwe.