Linux Imenilipisha Faini ya Kikoba

Jamani, nani alinituma kuweka mifumo miwili kwenye kompyuta moja? Windows 10 masasisho yake ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hiyo 11 inataka kidude cha usalama kinaitwa TPM 2.0, ambacho kompyuta yangu ya mtumba haina. Nikasema basi, naweka Ubuntu, mfumo wa bure wa ukoo wa Linux. Mama Neema akasema weka, ila Windows usiiguse, hesabu za kikoba ziko humo. Diski ikagawanywa, kila mpangaji na chumba chake.

Sasa kila ukiwasha inakuja skrini nyeusi kukuuliza unataka upande upi. Inakupa sekunde 10. Ukienda kuepua chai, ukirudi imeshajichagulia Ubuntu. Haya, anza upya.

Na kuzima je? Windows ukiizima haizimiki sawasawa, inasinzia tu ili kesho iamke haraka. Ubuntu ikija, picha za harusi ya shemeji zilizo upande wa Windows inakuonyesha, ila kuongeza hata moja humo marufuku. Ukitaka izime kweli, bonyeza kuwasha upya. Yaani kuzima haizimi, kuwasha upya ndiyo inazima! Mtu mzima na akili zako unaelewa nini hapo?

Lakini hayo cha mtoto. Kisanga ni saa. Ndani ya kompyuta mna kisaa kimoja tu, kina betri yake ya mviringo. Windows ikikisoma inaamini hiyo ndiyo saa ya hapa Dar. Linux inaamini ni saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, kwa hiyo inajumlisha saa 3 zetu. Basi Linux ikishakirekebisha kivyake, Windows ikiamka iko nyuma saa tatu nzima, na kama bando limekata, haina wa kumuuliza.

Jumapili, kikoba saa kumi. Simu iko kwa Neema, anacheza gemu. Mama Neema anajumlisha marejesho, anatupia jicho kwenye kona ya skrini: saa saba. Akaona muda upo, akabandika na maharage. Mara jirani huyo mlangoni, anahema: "Mweka hazina! Watu wamejaa, sanduku liko kwako!"

Faini ya kuchelewa, na kwa kiongozi ni mara mbili. "Baba Neema, hii mtalipa wewe na huyo Linux wako." Linux hana mfuko. Nikalipa.

Usiku nikaandika ile amri ya kuiambia Linux nayo ifuate saa ya hapa. Ikakubali shingo upande, ikanitolea onyo: utaratibu huu hauungwi mkono kikamilifu, utaleta matatizo wakati wa kubadilisha saa za kiangazi, yale mambo ya Ulaya ya kusogeza saa mbele. Kiangazi! Hapa Mbagala!

Nikamsomea mama watoto: "Eti utaratibu huu hauungwi mkono kikamilifu."

Akajibu bila kugeuka, anakwangua sufuria ya maharage: "Hata wewe."